Kitabu Si Suruali

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Mama Edith, fundi wa kujalidi vitabu, ameketi kwenye kiti chake cha kila siku, mikono mapajani. Bi. Thandeka, mkuu wa maktaba yetu. Bwana Desmond, mwenyekiti wa kamati, pamoja na wajumbe wawili ambao majina yao sikuyashika, wote wenye miwani. Mwanaidi wa Tanga, msafishaji, ambaye hakualikwa lakini aliingia na ufagio ili asifukuzwe. Mdogo wangu Furaha, aliyetoka nyumbani kwetu La Rochelle na sahani ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa. Na mimi Elias, ambaye wote hao, hata mwenyekiti, walikuwa wananiita Yaya. Mezani, katikati yetu, palikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha maneno ya kale ya Kiingereza. Kikifunguka vizuri, chumba cha ufundi kingebaki na mimi ningebaki nacho. Kisipofunguka, vitabu vyote vya rafu yake vingeuzwa, chumba kingejazwa kompyuta, na mimi ningerudi mitaani kutafuta geti la kulinda.

Nitaifikia siku hiyo. Kwanza niseme kwa nini naandika. Nimestaafu juzi tu, na Mwanaidi ameniambia nisiondoke na mambo kichwani. Amesema niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa siku hizi wanaoshika funguo, ndoo na mikokoteni ya vitabu pale kazini ni watu wetu: Wakongo, Watanzania, Warundi, na Mkenya mmoja anayetusahihisha sote. Vyeo na mshahara sitavisimulia. Cheo kilikuwa kifupi, na mshahara ulikuwa unaijua njia ya kwenda kwa mwenye nyumba bila hata kuniuliza.

Nilizaliwa Uvira. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Sikuitwa kikao kuulizwa. Wiki ileile niliketi kwenye cherehani ya jirani yetu, fundi wa suruali, na shule ikaendelea bila mimi. Suruali za watu wa ziwani zinataka mshono wa kweli, maana mtu anachutama, anavuta wavu, anabeba gunia. Nilifundishwa kurudia mshono na kuuvuta mpaka uzi ulie. Shikeni hilo akilini, litarudi.

Wadogo wawili walipojitegemea, nilikuja Johannesburg na Furaha, wa mwisho wetu. Tulipanga chumba La Rochelle, nyuma ya spaza, kiduka cha Mmalawi mmoja, na kampuni ya ulinzi ikanipeleka geti la maktaba pale Kensington. Ilikuwa nyumba ya zamani kwenye barabara ya maduka, karibu na robot, yaani taa za barabarani. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mtu wa maneno. Alikusanya kamusi na vitabu vya maneno ambayo Waingereza wenyewe wameshayasahau, kisha akafa, akawaachia wanachama nyumba, vitabu na paa linalovuja.

Geti lilikuwa na mnyororo mrefu wa chuma. Kazi yangu ya siku za kwanza ilikuwa kuuzungusha kwenye nguzo na kuuzungusha kinyume. Sijawahi kuwa na kazi niliyojifunza haraka namna ile. Jina la Yaya nalo lilianzia pale. Kwetu ndivyo anavyoitwa mkubwa wa nyumba, awe kaka au dada. Furaha alikuja siku moja akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Yaya! Umebeba ufunguo wangu!" Bi. Thandeka, aliyekuwa anaingia, akauliza maana yake, akalipenda. Kabla ya jua kuzama hakuna aliyekumbuka kwamba naitwa Elias.

Mama Edith nilimjua kwa sindano. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye aproni yenye mifuko mingi kuliko ya seremala, na macho yake yalikuwa yanafifia kuanzia katikati. Aliona pembeni, lakini kitu alichokitazama kilitoweka. Asubuhi moja alinijia getini na kikasha cha sindano mkononi.

"Macho yako yanafanya kazi?" akauliza.

"Yanafanya, Mama."

"Basi nikopeshe. Nitilie uzi kwenye hizi."

Nikatia. Kabla ya kutia, niliupitisha uzi kwenye kipande cha nta nilichokuwa nacho mfukoni, maana uzi usiopakwa nta hujisokota na kukera. Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Nani alikufundisha nta?"

"Suruali, Mama."

Ikawa desturi yetu ya kila asubuhi. Siku moja aliona, au tuseme aligusa, mfuko wa sare yangu niliokuwa nimeushona mwenyewe. Alisimama pale getini anaupapasa mfuko wa mlinzi mbele ya wapita njia, hana habari, huku mimi nimesimama kama mtu anayekaguliwa polisi. Kisha akasema, "Chakula cha mchana unakulia wapi?" Nikamwambia, hapahapa kwenye tofali. "Kuanzia leo unakulia kwangu."

Chumba chake kilikuwa nyuma, chenye dirisha moja kubwa. Kulikuwa na harufu ya gundi ya ngano, ngozi, na vumbi la karatasi. Kwenye ukuta vilining'inia visu, brashi na mikasi. Mezani palikuwa na fremu ya kushonea iliyofanana na kitanda cha mtoto, na mfupa laini wa kukunjia karatasi ambao ulikuwa umeshika umbo la kidole chake. Aliniketisha kwenye kiti cha kazi. Yeye akaketi kiti cha pembeni, akaweka mikono mapajani.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sioni tena tundu la sindano. Wewe unaona, lakini hujui uendako. Nitakwenda kwa maneno na wewe utakwenda kwa mikono. Mikono yangu haitagusa kazi yako. Nikigusa, itakuwa yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa mkali wa majina. Mwenye macho anaweza kusema "weka hapo" akanyoosha kidole. Asiyeona hana "hapo". Kila sehemu ya kitabu ilikuwa na neno lake, na neno likikosewa, sindano inaingia pabaya. Kitabu cha Kiingereza, kumbe, ni kama mnyama: kina kichwa, mkia, mgongo na viungo. Pale kurasa mbili zinapokutana ndani, kuna mfereji, nao wanauita gutter. Karatasi zilizokunjwa pamoja na kuchomekwa moja ndani ya nyingine ni quire, mimi nikaiita fungu, na Mama Edith aliniambia kwamba zamani neno hilo lilitokana na nne, karatasi nne, ingawa leo watu hukunja wapendavyo. Madoa ya kahawia ya uzee wanayaita ya mbweha. Kabati la vitabu zamani liliitwa press, na ndiyo maana namba ya kitabu rafuni, kwa wazee wa kazi hii, ina neno hilo ndani yake mpaka leo. Hata kile kiukanda cha karatasi kinachobandikwa kukinga mkunjo uliochoka wanakiita guard. Siku ya kwanza niliyoambiwa nitengeneze guard nilicheka peke yangu. Nimetoka kuwa guard mlangoni, sasa natengeneza wenzangu mezani, na hawa hawaombi likizo.

Mnaweza kuuliza, haya maneno ya kizee ya nini? Nami nilimuuliza. Akasema neno ni mpini wa kifaa. Ukijua lilitoka wapi, unajua pa kulishikia. Sikumwelewa. Nikaendelea kukunja.

Umeme ulipokatika, na mnajua ulivyokuwa unakatika, wasomaji walitoka wakilalamika, Bi. Thandeka akasema "eish" na kutafuta mishumaa. Mama Edith peke yake ndiye aliyekuwa anaona sawasawa na jana. Saa hizo ndizo alizonisimulia zaidi. Aliniambia kwamba neno la Kiingereza la kitabu ni la kale sana, na wengi huliunganisha na jina la mti fulani wa kwao ambao mbao zake ziliandikiwa. Neno lao la maktaba ni mgeni, limepitia Ufaransa, nalo pia lina mti ndani yake: gamba la ndani la mti. Kabla ya mgeni huyo kufika, Waingereza wa kale walikuwa na neno lao wenyewe, bochord. Boc ni kitabu, na hord ni hazina, akiba iliyofichwa.

"Hazina ya vitabu," nikasema kwa Kiswahili.

"Na kwenu je?" akauliza.

Sikujua. Mwanaidi, aliyekuwa anapiga deki mlangoni, ndiye aliyejibu. Alikuwa amefika karibuni, baada ya miaka mingi ya kusuka nywele Joubert Park, na chuo cha Kurani alikisoma utotoni kwao Tanga.

"Kwetu ni kuandika," akasema. "Kitabu, katibu, maktaba, wote tumbo moja. Kiarabu hicho. Ninyi mna miti, sisi tuna kalamu. Inua miguu, Yaya, nipige deki."

Mama Edith alifurahi siku ile hata akamwomba alirudie. Mwanaidi akalirudia, akaongeza na karatasi, kisha akajishtukia na kusema hiyo hana uhakika nayo.

Sasa kile kitabu kikubwa. Kilikuwa fahari ya mwenye nyumba wa kwanza: maneno ya kale kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Mvua ilipita kwenye paa, ikaingia mgongoni, uzi ukaoza, kikasambaratika mafungu mafungu. Wakati huohuo kamati iliamua kupalilia. Ndivyo watu wa maktaba wanavyosema wanapoondoa vitabu visivyoazimwa. Mimi nimepalilia maharage ya mama yangu, na magugu niliyoyajua hayakuwa na jina lililoandikwa kwa dhahabu mgongoni. Lakini sikuwa mjumbe.

Bwana Desmond hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mhasibu mstaafu, mpole, anayeogopa bili ya paa. Alisema wazi mbele ya Bi. Thandeka na sisi wawili: chumba hiki kinatengeneza nini? Mama Edith haoni. Kama kinaweza kukirudisha kitabu kile mezani, kifunguliwe na kusomwa, chumba kibaki na vitabu vya maneno vibaki. Kama hakiwezi, tuache kujidanganya.

Mama Edith alinigeukia. "Kwa saa ya chakula hatutamaliza," akasema. Bi. Thandeka akasema anaweza kuniandika kibarua wa maktaba mpaka siku ya kamati, si zaidi, na kwamba kampuni ya ulinzi haitanisubiri. Niliomba siku moja ya kufikiri.

Furaha alikuwa anauza kwenye duka la vitambaa Rosettenville. Nilimwambia jioni wakati tunakula.

"Yaya, uko na akili kweli?" akasema. "Unaacha geti? Kwa ajili ya kitabu cha Wazungu waliokufa?"

"Si kitabu tu. Ni kazi ya mikono."

"Geti nalo si mikono? Unalifungua kwa meno?" Akasukuma sahani. "Wakikifukuza hicho kitabu na wewe wanakufukuza. Tutakula maneno ya kale?"

Nilimwambia kwamba tangu darasa la sita sijaketi mahali nikafundishwa kitu na mtu asiyekuwa na haraka. Kisha akavuta ile sahani tena, akasema, "Ukikosa kazi, utanipikia wewe." Kwa Furaha hiyo ni baraka.

Nikarudisha sare, nikaukabidhi mnyororo kwa mlinzi mpya, nikaingia ndani.

Tulisafisha kila mkunjo, tukabandika guard pale palipochoka, tukanyoosha kwenye fremu tepe za kushikia mgongo, tukaanza kushona. Mama Edith anasema: ingia mfereji, toka kwenye utepe, zunguka, ingia tena, sasa kettle. Hiyo kettle ndiyo mshono wa kila ncha, karibu na kichwa na karibu na mkia, unaoshika fungu la juu na la chini yake. Mafungu machache ya kwanza yalikwenda polepole. Kisha akaitwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, ambao haukusaidia kitu. Aliniambia nimsubiri au niendelee, niamue mwenyewe. Siku ya kamati ilikuwa inakaribia. Nikaendelea.

Jamani, nilishona! Niliufanya uzi kuwa maradufu. Kila mshono niliurudia na kuuvuta mpaka ulie, kama nilivyofundishwa. Hata yale mafungu ya mwanzo niliyafumua nikayashona upya kwa nguvu, ili yafanane na mengine. Mgongo wa kitabu ulikuwa mgumu kama ubao. Nilipomaliza niliuita umma mzima, yaani Mwanaidi, aje kuona. Akasema, "Mashallah, hiki hata ng'ombe akikikanyaga."

Mama Edith alirudi na kitambaa jichoni. Aliomba kitabu. Akakipapasa mgongo kutoka kichwani hadi mkiani, bila haraka.

"Kifungue katikati."

Nikafungua. Kurasa zilisimama wima kama watu waliosikia wimbo wa taifa. Nilipoondoa mkono, kitabu kikajifunga chenyewe, pap!

"Yaya," akasema, "umenishonea suruali."

"Ni imara, Mama. Hakuna atakayeichana."

"Naamini. Lakini suruali haifunguliwi katikati ikasomwa. Kitabu si suruali. Kata."

"Nikate nini?"

"Uzi. Wote."

Nilikaa na mkasi mkononi. Nikamwambia muda hautoshi. Nikamwambia Furaha ananisubiri niaibike. Nikamwambia, na hapa sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba angeweza kuninyoosha mapema. Alinisikiliza mpaka nikaisha. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Unajua ule mshono wa kettle jina lake lilitoka wapi?"

"Sijui, na leo sitaki kujua."

"Wapo wasemao ni neno la Kijerumani la mnyororo mdogo. Wapo wanaokataa. Waache wabishane. Wewe ulikuwa na mnyororo getini. Uliuzungushaje kwenye nguzo?"

"Unazunguka wenyewe, Mama. Pete zinacheza."

"Na pete zikichomelewa?"

Nikaona. "Unakuwa nondo."

"Basi umenishonea nondo. Mnyororo unashika kwa sababu kila pete ina nafasi yake ya kucheza. Uzi mmoja, si maradufu. Ukivuta, vuta mpaka ukutane na karatasi, halafu uache. Usiendelee kugombana nayo."

Nikakata. Mnaoanza kazi leo, nawaambieni, hakuna sauti mbaya kama ya mkasi ukipita kwenye kazi yako mwenyewe. Mwanaidi aliyekuwa mlangoni alitoka bila kusema kitu, na Mwanaidi kutoka bila kusema ni jambo la kuandikwa. Nikaanza upya kutoka fungu la kwanza. Safari hii nilikuwa nauona mnyororo wa geti kila nilipofika kwenye ncha. Vidole vilikuwa vinataka kuvuta, vimezoea tangu utoto, na mimi navizuia kama unavyomzuia mtoto asikimbilie barabarani. Jalada tulilitia siku chache tu kabla ya kamati. Baada ya gundi kukauka, Mama Edith alikataza kisifunguliwe hata na mimi. Desturi ya kazi, alisema: aliyeshona si wa kwanza kufungua. Kwa hiyo mpaka tunaingia chumbani siku ile, hakuna mtu duniani aliyejua kama kile kitabu kinafunguka.

Ndiyo siku niliyoanza nayo. Bwana Desmond akavua koti, akainama, akaweka vidole katikati ya kitabu ili akipasue pande mbili kwa mara moja. Mama Edith akasikia karatasi ikilia.

"Bwana Desmond," akasema, "mgeni humkumbatii kabla ya salamu. Kurasa chache za mbele, laza kwa kiganja. Kisha chache za nyuma. Hivyo hivyo, zamu kwa zamu, mpaka mkutane katikati."

"Kama kuchimba handaki kutoka pande mbili," akasema Bwana Desmond, akatii. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Nilimwona Furaha ameikumbatia ile sahani kifuani. Mwanaidi alikuwa anafagia mahali palepale ambapo hapakuwa na uchafu, midomo inasema Bismillahi. Mimi nilitazama mikono ya Mama Edith. Ilikuwa imetulia, lakini kidole gumba kimoja kilikuwa kinasugua kingine.

Handaki likakutana. Bwana Desmond akaondoa viganja vyote viwili, akajisogeza nyuma kama mtu aliyewasha fataki.

Kurasa hazikusimama. Zilishuka huku na huku, zikalala mezani kama ng'ombe walioshiba.

"Hawu, Yaya," akasema Bi. Thandeka taratibu.

"Kimelala?" akauliza Mama Edith.

"Kimelala, Mama," nikasema.

Bwana Desmond alikuwa ameshaanza kusoma. Mhasibu ni mhasibu. Macho yake yaliangukia neno la kazi yake. Akatusomea kwamba ledger, kile kitabu cha hesabu alichokijaza maisha yake yote, zamani hakikuwa cha hesabu. Kilikuwa kitabu kikubwa kinacholazwa mahali pamoja, kanisani kwa mfano, na hakihamishwi hapo.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza," Mama Edith akajibu, "na sisi tulikuwa nyuma huku, na gundi yetu."

Akacheka, wale wajumbe wenye miwani nao wakacheka, kwa kuwa mwenyekiti amecheka. Kisha akasema kwamba sharti lilikuwa kifunguke na kimefunguka, basi kilale. Kamati, kama mnavyoijua, haijawahi kutoa kitu kizima. Nusu ya chumba ilichukuliwa na kompyuta, na mpaka leo fundi anakunja karatasi huku anasikia watu wakilaani mashine. Lakini meza ilibaki, dirisha lilibaki, rafu ya maneno ilibaki, na mimi nikabaki. Furaha akafungua ile sahani juu ya meza ya kazi, samaki na ugali wa muhogo, Mama Edith akala kwa mkono kama sisi. Nikanawa, nikamuuliza Furaha kama bado nitampikia mimi. "Jumapili," akasema. "Usijisahau."

Mama Edith hakukaa sana baada ya hapo. Macho yalikwisha, akahamia kwa binti yake pwani, Durban. Kabla hajaondoka nilimshonea koti la sufu, la kijivu, lenye mifuko mingi. Akapapasa mishono yote, ya mabega, ya makwapa. "Hili ni imara kabisa," akasema. "Koti linaruhusiwa." Kisha akalivaa, akafunga vifungo, na alipomaliza akaniambia kwamba koti ni shukrani, na shukrani si malipo. Deni nililipe mbele, si nyuma. Nimpate mtu mmoja, nimfundishe kwa maneno tu, mikono mapajani. "Kitabu chake kikifunguka," akasema, "mimi na wewe tumelipana." Baada ya miaka kadhaa binti yake alimpigia simu Bi. Thandeka kutuarifu kwamba amefariki. Koti walimzika nalo.

Tangu hapo nimeshona vitabu vingi kuliko suruali, na hesabu yake sina. Deni ndilo lililonishinda. Wa kwanza niliyejaribu kumfundisha alipenda gundi kuliko vitabu. Wa pili alikuwa na mikono mizuri, akapata kazi Cape Town kabla hajafika kwenye utepe. Na wote wawili niliwagusa. Nikiona sindano inapotea, mkono wangu unatoka mapajani wenyewe, unarekebisha, na kazi inakuwa yangu. Mama Edith alikuwa na upofu wa kumsaidia. Mimi macho yangu yalikuwa mazima, na yaliniponza.

Sasa nayo yanafifia, si kwa ugonjwa wake, kwa uzee tu. Na mwaka huu wa kustaafu, Mwanaidi amekuja mwenyewe akaketi kwenye kiti cha kazi. Amesema amefagia kile chumba muda mrefu vya kutosha kujua kila kitu kinakaa wapi. Nimempa maneno ya Mama Edith, mengine kwa Kiingereza chao cha kale, mengine nimeyavisha Kiswahili: kichwa, mkia, mfereji, fungu, mnyororo mdogo. Nimekalia mikono yangu kabisa, chini ya mapaja, mpaka ikafa ganzi.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amemaliza kitabu chake cha kwanza peke yake.

"Shikamoo, Yaya. Njoo uone kazi."

"Marahaba. Mimi nifungue, au wewe?"

"Si ulisema aliyeshona hafungui? Fungua, mie nitazame."

Nikafungua mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka katikati. Nikaondoa viganja. Kitabu kikajifunga, pap! Nikaupapasa mgongo. Kila mshono umevutwa mpaka mwisho, umekazwa, umelala safu kwa safu, mzuri kama nywele za bibi harusi.

"Mwanaidi," nikasema, "kitabu si kichwa cha mtu."

"Una maana gani?"

"Umenisukia."

Akanitazama, akakitazama kitabu, akanitazama tena. "Eish, Yaya. Usiniambie."

"Kata," nikasema. "Wote."

Alisonya kwa sauti hata watu wa kompyuta wakageuka. Mkasi ulikuwa mbali kidogo naye, karibu nami. Ningeweza kumsogezea. Mikono ikabaki mapajani. Akanyanyuka, akauchukua mwenyewe, akakaa, na kabla ya kukata akaniuliza, "Huo mnyororo mdogo, nieleze tena, lakini taratibu." Nikaanza kumweleza habari za geti. Alipokata uzi wa kwanza nilifumba macho.

Kile kitabu bado kiko mezani pale, mafungu mafungu. Kwa Mama Edith bado nadaiwa.